Seamus Heaney: ukiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu, uchukue kipi?

Seamus Heaney alitoa diwani 12, ya kwanza mwaka 1966 na ya mwisho 2010. Juu yake kuna mikusanyiko ya mashairi teule, tafsiri, insha, barua, na kitabu cha mahojiano kinene kama tofali. Msomaji mgeni akikutana na lundo hilo kwa kawaida hufanya moja kati ya mawili: huchukua mkusanyiko mkubwa kwa kuwa umebeba vyote, au huchukua North kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mahali. Wa kwanza huchoka kabla ya kufika katikati. Wa pili hukutana na maiti za kinamasini, Waviking na majina ya vijiji asivyovijua, akaamua kwamba mshairi huyu ni mgumu, na kitabu kikapanda rafu ya juu.

Si mgumu. Ni mshairi wa mkono na sikio: kazi za shamba, vyombo, matope, na sauti ya maneno yanayotaja vitu hivyo. Anayeanza naye hapo humfuata bila shida hadi kwenye siasa na mauaji. Anayeanza na mauaji hana pa kushika. Kwa hiyo hapa tunavipima vitabu vinne, Death of a Naturalist (1966), North (1975), The Haw Lantern (1987) na Opened Ground (1998), na kukigusa cha tano, 100 Poems (2018), ambacho watu wengi hununua kama zawadi.

Machache ya kumhusu yanatosha kwa kuanzia. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1939 kwenye shamba la Mossbawn, karibu na Castledawson, kaunti ya Derry, Ireland ya Kaskazini. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa katika familia ya Kikatoliki, na baba yake alilima na kuchuuza ng'ombe. Mwaka 1972 alihamia Wicklow, upande wa Jamhuri ya Ireland. Alipata Nobeli mwaka 1995, akafariki Dublin tarehe 30 Agosti 2013, akazikwa Bellaghy, jirani na alikozaliwa. Jina husomwa Sheimas Hini. Na hapa pana mtego wa kwanza wa insha: ni mshairi wa Kiingereza, lakini si mshairi Mwingereza. Alipotiwa kwenye antholojia ya washairi wa Uingereza mwaka 1982, mwaka uliofuata alijibu kwa shairi zima la kupinga, akikumbusha kwamba pasipoti yake ni ya kijani.

Death of a Naturalist: nyepesi kuingia, nzito kutoka

Ina mashairi 34, na karibu kila moja lina tukio unaloweza kulisimulia kwa sentensi moja: kuchimba viazi, kusukasuka maziwa hadi yatoe siagi, kuchuma matunda ya porini, paka wachanga kuzamishwa kwenye ndoo, mwanafunzi kuitwa nyumbani kwa msiba wa mdogo wake. Aliyekulia kijijini ameshafanyiwa nusu ya kazi. Shida ni nusu ya pili, kwa sababu vyombo vya huko na vya kwetu vinafanana bila kuwa sawa.

Chukua shairi la kwanza, "Digging". Mwandishi ameketi dirishani, kalamu mkononi, chini baba yake anachimba bustani ya maua. Sauti ya chuma kwenye changarawe inamrudisha miaka ishirini nyuma, baba akichimba viazi, kisha nyuma zaidi, babu akikata mboji ya kinamasi. Wanaolitafsiri darasani karibu wote huandika "jembe", na hapo mwili mzima wa baba unaharibika. Jembe hupanda juu ya kichwa na kushuka kwa nguvu za mikono. Chombo cha baba huyu ni beleshi: kiatu kizito kimetulia kwenye bega la bati, mpini umeegemea upande wa ndani wa goti kama wenzo, na kazi inafanywa na uzito wa mguu. Ni kwa sababu hiyo kijana aliye juu dirishani anakiona kiuno cha mzee kikiinama na kuinuka kwa mdundo. Ni kwa sababu hiyo pia kalamu inaweza kuchukua nafasi ya chombo mwishoni: vyote viwili husukumwa, havirushwi. Ukiweka jembe, sitiari kuu ya shairi inabaki bila mguu wa kusimamia.

Mtego wa pili ni bunduki. Katika mistari miwili ya mwanzo kalamu imekaa mkononi sawasawa kama bunduki. Mwishoni mistari hiyo inarudi karibu neno kwa neno, lakini bunduki haipo. Mahali pake pana ahadi ya kuchimba kwa kalamu. Mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba bunduki ni vita vya Ireland ya Kaskazini. Shairi liliandikwa Agosti 1964, miaka minne na zaidi kabla machafuko ya huko kati ya Wakatoliki na Waprotestanti hayajaanza. Swali linalozaa insha nzuri ni jepesi zaidi: bunduki ilitoka mstari gani, na nini kiliitoa?

Shairi lenye jina la kitabu lina mtego wa tatu, na huu ni wa Kiswahili kabisa. Mtoto yuko kwenye bwawa ambamo mimea ya kitani imelowekwa na kugandamizwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, ioze hadi nyuzi ziachane na shina. Kitani, si katani. Herufi moja tu inakuhamisha kutoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, hadi Tanga, na mkonge hauozeshwi bwawani, hupitishwa kwenye korona, mashine ya kukwangua majani yake. Bila ule uozo na uvundo wake, vyura wa mwisho wa shairi hawatishi. Wanakuwa vyura tu.

Kuhusu vina, msomaji aliyelelewa na tarbia huona mishororo ya Heaney haina vina na kuipita. Ina vina, ila vya nusu: irabu inafanana na konsonanti inatofautiana, au kinyume chake. Mishororo miwili ya kwanza ya "Digging" inaishia thumb na gun. Kwetu kina ni silabi nzima, hivyo jozi hiyo isingepita mbele ya mwalimu wa arudhi. Kwa Heaney jozi hiyo ni ya makusudi, na pale anapotumia kina kamili ujue anakaza kitu. Mfano bora ni "Blackberry-Picking", mishororo 24 iliyopangwa kwa jozi. Karibu jozi zote ni za vina legevu. Zilizo kamili waziwazi ni mbili: clot na knot karibu na mwanzo, tunda linapoiva, kisha rot na not mwisho kabisa, matunda yakiwa yameota ukungu wa rangi ya panya ndani ya zizi. Kuiva na kuoza ndiko kulikofungwa kwa kina kamili. Usiyaite matunda hayo forosadi. Forosadi ni mti. Haya ni ya kichaka cha miiba kinachochana mikono, na mikono iliyochanika imo shairini.

Na "Mid-Term Break", linalofundishwa kuliko yote. Linamhusu Christopher, mdogo wake wa miaka minne aliyegongwa na gari mwaka 1953. Beti saba za mishororo mitatu mitatu, halafu mshororo mmoja peke yake unaotaja urefu wa jeneza: futi nne, futi moja kwa kila mwaka. Mshororo huo unafunga kwa kina kamili na ule ulioutangulia, clear na year, baada ya shairi zima kukwepa vina vya aina hiyo. Katika tafsiri, mengine yote yanaweza kusamehewa, ila usiuunganishe mshororo huo na ubeti wa juu yake.

Upungufu wa kitabu hiki uko wazi. Hakina siasa ya moja kwa moja. Njaa kuu ya viazi ya 1845 imo ndani ya "At a Potato Digging", lakini mwenye kutafuta Heaney wa damu na dhamiri atatoka mikono mitupu. Na mashairi kadhaa ya mapenzi yaliyo humo ni ya kijana anayejaribu sauti. Unaweza kuyaruka bila dhambi.

North: kitabu kikubwa, mlango mbaya

Humo ndani mna vitabu viwili. Sehemu ya kwanza ni ya visasili: Waviking, mifupa, na watu waliouawa zama za kale wakahifadhiwa na kinamasi. Ya pili inazungumza waziwazi juu ya Belfast, polisi, waandishi wa habari, na desturi ya kufunga mdomo. Anayesoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hupanda mlima kwanza, ndipo akapewa ramani. Geuza mpangilio. Anza na mashairi mawili ya utangulizi yanayoitwa "Mossbawn", shangazi akioka mikate na watu wakikata mbegu za viazi. Ruka hadi "Singing School" mwishoni. Ndipo urudi kwenye maiti.

Bila kuielewa mboji ya kinamasi, sehemu ya kwanza haifunguki. Ni mabaki ya mimea yaliyoshindiliana kwa maelfu ya miaka ndani ya maji baridi, yenye asidi na yasiyo na hewa. Hukatwa vipande kama matofali, huanikwa, huwashwa jikoni. Wasomaji wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri. Ndani yake ngozi ya mtu huwa kama ngozi iliyotiwa dawa na fundi, nyeusi na ngumu, nywele hubaki, mifupa huyeyuka taratibu. Heaney alikutana na picha za watu hao katika kitabu cha Mdenmark P. V. Glob kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1969, mwaka uleule jeshi la Uingereza lilipoingia mitaa ya Belfast na Derry. Akaziona picha za waliotolewa kafara zama za chuma zikikaa pamoja na za waliouawa jana yake.

Makosa mawili hujirudia kila mwaka katika kazi za wanafunzi. La kwanza: "The Tollund Man" halimo kwenye North. Limo kwenye Wintering Out ya 1972, na ndilo lililofungua njia. (Shairi linaanza kwa kuahidi safari ya Aarhus, Denmark, lakini maiti yenyewe, iliyofukuliwa mwaka 1950, iko Silkeborg, magharibi mwa mji huo.) La pili ni zito zaidi, na linahusu "Punishment". Nafsineni, yaani msemaji wa shairi, anamtazama msichana aliyeuawa akiwa amenyolewa na kufungwa macho, anamhurumia, karibu ampende. Kisha anakiri kwamba angekuwapo angerusha mawe ya kunyamaza, kama alivyonyamaza mbele ya wanawake wa kwao waliomwagiwa lami kwa kuonekana na askari wa Uingereza. Mwanafunzi huandika: "mshairi analaani ukatili." Mshairi anajilaani. Mwisho wa shairi anasema anaielewa barabara ile hamu ya kulipiza kisasi, ya kikabila na ya karibu, na neno "anaielewa" ndilo lililowakera watu. Ciaran Carson, mshairi mwenzake wa Belfast, aliandika mwaka uleule wa 1975 akimwita mshairi rasmi wa fujo na mtunga visasili. Shutuma hiyo ina hoja. Ukifananisha mauaji ya mtaani na kafara ya kale, unaweza kuyafanya yaonekane kama mvua, jambo linalokuja lenyewe. Insha nzuri juu ya North ni ile inayompa Carson nafasi na kisha kumjibu kwa mishororo ya kitabu chenyewe.

Jambo moja lililojulikana baadaye linaongeza uchungu. Maiti iliyozaa shairi hilo ilipatikana Windeby, Ujerumani ya kaskazini, mwaka 1952, ikadhaniwa ni ya msichana mzinzi aliyeadhibiwa. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa ni ya mvulana wa miaka kama kumi na sita, na hakuna dalili ya adhabu. Shairi halianguki kwa hilo. Linakuwa shairi juu ya hadithi tunazowavika wafu, na ni vizuri mwalimu aliseme hilo mapema kabla mwanafunzi hajaligundua na kudhani amekibomoa kitabu kizima.

Kwa umbo, mashairi ya kinamasi ni beti za mishororo minne mifupi, maneno matatu manne kila mmoja. Heaney mwenyewe aliyafananisha na keekee, chombo chembamba kinachozunguka kikizama. Yasome hivyo: usiharakishe, kata pumzi mwisho wa kila mshororo, hata kama sentensi haijaisha.

The Haw Lantern: ya waliozoea bahari za ushairi na vina

Ni nyembamba na haitajwi sana, lakini kwa msomaji aliyetoka kwenye ushairi wa arudhi ndiyo inayoweza kumshangaza zaidi. Ndani yake mna "Clearances", soneti nane za kumkumbuka mama yake, aliyezaliwa 1911 akafariki 1984. Soneti ni mishororo 14, kwa kawaida minane ya kuweka jambo na sita ya kuligeuza, na ya tatu ndiyo iliyochaguliwa mwaka 2015, katika kura iliyoendeshwa na shirika la utangazaji la RTÉ, kuwa shairi linalopendwa zaidi na Waayalandi katika miaka mia iliyopita.

Itazame kwa karibu. Wengine wamekwenda misani, mama na mwana wamebaki wanamenya viazi. Katika mishororo minane ya kwanza viazi vinadondoka kimoja kimoja ndani ya ndoo ya maji safi, kama risasi ya kulehemu inavyodondoka kwenye chuma chake, na hakuna anayesema neno. Vina vya sehemu hii vimelegea: one na iron, share na water, splashes na senses. Sikio linasikia kitu kinachotaka kukutana kisikutane. Kisha mshororo wa tisa unaruka miaka: kasisi yuko kitandani pa mama anayekufa, anapiga sala kwa kelele, watu wanaitikia, wengine wanalia. Mwana anakumbuka vichwa viwili vilivyoinamiana, pumzi ya mama ndani ya yake, visu vikizama majini. Mishororo miwili ya mwisho inaishia knives na lives, kina kamili, na inachosema ni kwamba hawakuwa karibu hivyo tena maisha yao yote. Sauti inafika pale watu wawili walipofika. Hakuna ufundi wa vina unaoeleweka haraka kuliko huo kwa mtu anayejua bahari za ushairi.

Nusu nyingine ya kitabu ni mafumbo ya kisiasa kwa mtindo aliojifunza kwa washairi wa Ulaya Mashariki. "From the Republic of Conscience" liliandikwa kwa ajili ya Amnesty International mwaka 1985: msafiri anashuka katika nchi ambayo hakuna wa kumbebea mizigo, na ofisa wa uhamiaji anamwonyesha picha ya babu yake. Lugha yake ni nyepesi na halihitaji historia ya Ireland hata chembe. Kwa darasa la kidato cha juu lisilo na muda ni chaguo salama kuliko chochote kilichomo North. Kasoro ya diwani hii ni kwamba baadhi ya mafumbo yake ni makavu. Kichwa kimefanya kazi kuliko mkono, na anayemtafuta Heaney wa matope atamkosa kwa kurasa kadhaa mfululizo.

Opened Ground na 100 Poems: mikusanyiko

Opened Ground ina kurasa zaidi ya 400 na inachukua miaka thelathini, 1966 hadi 1996. Aliichagua mwenyewe, na mwishoni imefungwa na hotuba yake ya Nobeli, "Crediting Poetry". Hotuba hiyo peke yake inakaribia kuhalalisha bei. Humo anasimulia basi dogo la wafanyakazi lililosimamishwa na wenye silaha Januari 1976. Waliagizwa Mkatoliki yeyote ajitokeze. Alikuwapo mmoja, na kila mtu alidhani ndiye atakayeuawa. Gizani akasikia mkono wa jirani yake Mprotestanti ukimbana wake, kumwambia asitoke, hatutakutaja. Akatoka. Wakamsukuma kando na kuwapiga risasi waliobaki. Anayetaka kujua kwa nini Heaney hakuandika nyimbo za upande wowote aanze na aya hizo.

Kwa mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, hiki ndicho kitabu cha mezani. Kwa anayeanza kina ubaya wa aina mbili. Hakina maelezo ya chini, kwa hiyo majina ya watu na mahali yanakuacha njiani. Na kimekata diwani: chini ya nusu ya Death of a Naturalist ndiyo iliyoingia. Unapata mashairi bora, unapoteza mazungumzo kati yao. "Digging" linafungua diwani ya 1966 na "Personal Helicon", shairi la mtoto anayechungulia visima, linaifunga. Kuchimba mwanzoni, kuchungulia shimo mwishoni. Kwenye diwani yenyewe duara hilo linaonekana. Kwenye mkusanyiko mnene, shairi la kufunga linakuwa moja tu katika foleni.

100 Poems ilichaguliwa na familia yake baada ya kifo chake na inafika hadi mashairi ya mwisho. Ni nzuri kwa kufungua popote jioni. Kwa kusoma kwa mpangilio haikusaidii, kwa kuwa haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo uchukue kipi?

Unasoma kwa raha yako, au unataka kujaribu kutafsiri: Death of a Naturalist, bila kusita. Mtafsiri hasa, kwa sababu kila ukurasa utamlazimisha aamue juu ya chombo, mmea au sauti, na makosa yake yataonekana mara moja.

Una mtihani au tasnifu: Opened Ground, pamoja na insha "Feeling into Words" iliyo ndani ya Preoccupations (1980), ambamo anaeleza alivyoliandika "Digging" na alivyozifikia maiti za kinamasi. Stepping Stones (2008), mahojiano yake na Dennis O'Driscoll, ni la kutafuta jambo mahususi maktabani, si la kusoma moja kwa moja.

Unaandika kwa vina na mizani na hujashawishika na mashairi huru: The Haw Lantern, na uanzie "Clearances".

North iwe ya pili kwa kila mtu na ya kwanza kwa yule tu anayejua tayari historia ya Ireland ya Kaskazini kuanzia 1968. Ukishamaliza mbili, ya tatu isiwe nyingine ya miaka ya sabini. Nenda Human Chain ya 2010, aliyoiandika baada ya kupigwa na kiharusi mwaka 2006, uone mkono uleule ukiwa umepungukiwa nguvu.

Kitabu chochote utakachochukua, mpangilio wa kazi ni uleule. Mashairi mawili kwa wiki yanatosha. Death of a Naturalist itakuchukua wiki 17. Siku ya kwanza sikiliza tu, usifungue kitabu. Heaney alirekodi mwenyewe diwani zake zote 11 za hadi wakati huo kwa ajili ya RTÉ, zikatoka mwaka 2009 katika sidii 15, na maktaba nyingi za vyuo vikuu vya nje zinazo. Siku ya pili soma kwa sauti na piga mstari chini ya kila neno la kazi au chombo. Hayo ndiyo ya kutafuta kwenye kamusi, na tafuta picha pia, si maana tu. Neno lug la "Digging" kwenye kamusi ya kawaida litakupa sikio. Picha ya beleshi itakuonyesha bega la kukanyagia. Siku ya tatu zungushia duara neno la mwisho la kila mshororo, uyasome yenyewe kutoka juu hadi chini. Ndipo uandike shairi linahusu nini. Wanaoanza na swali hilo la mwisho hupata "dhamira" kwa dakika tano na hawarudi tena.

Zoezi la sikio lisilo na gharama: tafuta "Broagh", shairi fupi la Wintering Out juu ya jina la kijiji. Linaishia kwenye ile gh ya mwisho ambayo wageni hushindwa kuitamka. Herufi zisikudanganye, si gh ya ghafla. Iko karibu na kh ya Khamis, na kama umewahi kumsikia mtu wa bara akimwita Khamis "Kamis" huku wa pwani akitabasamu, umeshaelewa shairi hilo linafanya nini kuliko mhakiki yeyote atakavyokueleza. Wakatoliki na Waprotestanti wa kijiji kile wote wawili wanaitamka sawasawa. Asiyeweza ni mtawala aliyetoka ng'ambo.

Kama utasoma kwa simu, igeuze ilale. Mishororo mirefu ya diwani ya 1966 hukatika vibaya kwenye kioo chembamba, kipande kinashuka chini na kuonekana kama mshororo mpya, na ule mshororo wa futi nne unaotakiwa kusimama peke yake unajikuta na majirani. Mashairi ya kinamasi ya North, kwa wembamba wake, hayapati shida hiyo.